Kuzaa si kazi: dundu wa mavi ya punda

Lamu punda ana sifa zake. Mgeni akishuka gatini anampiga picha na shogi lake la mchanga, watoto wanampanda bila tandiko, na siku ya mashindano wakati wa Maulidi mji mzima unajipanga ufuoni kumshangilia. Mavi yake ndiyo hayana mwenyewe. Mjini, kwenye Usita wa Mui na vichochoro vyake vya simiti, yanangoja ufagio. Shambani hakuna anayefagia, na mvua ikinyesha vizuri yanatoweka kabla hayajakauka.

Anayeyachukua ni dundu.

Mimi nalima bamia, mchicha na pilipili nyuma ya mji, njia ya Matondoni, kwenye kishamba cha minazi alichoniachia baba. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari, kazi ya kuosha vioo na kushika funguo za kabati la asidi, na nilipostaafu mwalimu wa bayolojia alinizawadia kioo cha kukuzia. Mume wangu naye ana punda wa kubeba mawe na simiti. Mwanamke mwenye kioo cha kukuzia na punda uani lazima mwisho wake atachuchumaa mbele ya mavi. Majirani wana maoni yao, nimeyasikia.

Nina jambo la kuwaomba wenye punda, nitalifikia. Lakini halitaeleweka kabla hujajua dundu anazaa vipi, kwa sababu shida yote imo humo: anazaa kidogo, analea sana.

Punda akiangusha mzigo wake juu ya mchanga uliolowa, usiondoke. Nzi ndio wa kwanza, hao hawakosi. Kisha linasikika vumo zito la chini chini, halafu pu! Dundu hatui, anajibwaga, pengine kifudifudi, pengine chali, anajipindua na kuzama katikati ya madonge hujamtazama vizuri. Ameletwa na harufu. Vipapasio vyake vina vijani vyembamba nchani. Anavikunjua akiwa angani, akifika anavifumba. Huyu ninayemkuta zaidi kwetu hazidi ukucha wa kidole gumba. Mgongo ni wa kahawia iliyopauka, kichwa na mabega ni meusi lakini ukimgeuzageuza juani yanatoa ukijani. Kichwa ni bapa, ukingo wake wa mbele ni wa kuchotea, na miguu ya mbele ina meno ya kuchimbia. Ukimfumbata anasukuma vidole mpaka unashtuka. Rob Knell na Leigh Simmons walimpima jamaa yake mmoja, Onthophagus taurus, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba anaweza kuvuta mzigo unaoshinda uzito wake mara 1,141. Punda wetu wakisikia hilo watagoma.

Watu wengi wanadhani dundu anatafuna mavi. Aliye mzima hatafuni. Sehemu za mdomo wake ni laini, kazi yake ni kukamua: anachuja nyuzi, anafyonza majimaji yenye bakteria na vichembe visivyoonekana kwa macho. Mwenye taya ngumu za kutafunia ni mtoto wake, na ndiye anayeachiwa zile nyuzi.

Aina za madundu hawa duniani zinapita 5,000, na wataalamu wanawagawa kwa namna wanavyokificha chakula. Kuna wanaokata sehemu yao, wakaiviringa, wakaifingirisha mbali kinyumenyume, kichwa chini, miguu ya nyuma juu ya tonge. Hao ndio wenye sifa, kwa sababu wanaonekana. Wanakwenda kwa mstari ulionyooka ili wasirudi kwenye vurugu za lundo, na mmoja wao, Scarabaeus satyrus, usiku usio na mwezi anaongozwa na Njia Nyeupe. Hilo lilithibitishwa 2013 kwa kuwavisha vikofia vya kuziba macho na kuwatembeza ndani ya ukumbi wa nyota za kuigiza mjini Johannesburg. Manahodha wetu wa zamani walikuwa wakitafuta nyota moja moja; huyu anatumia mkanda mzima wa mbingu. Kundi la pili wanachimba papo hapo chini ya lundo na kushusha chakula mashimoni. La tatu hawajisumbui, wanataga humohumo ndani ya mavi. Shambani kwangu ni wachimbaji, kwa hiyo wao ndio nitakaowasimulia zaidi.

Kwa wachimbaji, fundi ni jike. Anatoboa handaki chini ya lundo, na asubuhi utaona vilima vidogo vya mchanga mbichi kando ya mavi. Dume anamfuata. Aliye wa maana anasaidia kushusha mavi, lakini kazi anayoipenda ni kulinda mlango, na hapo ndipo zinapotumika zile pembe zake mbili: anajikaza kwenye kuta na kumsukuma mgeni mpaka atoke nje. Sasa, si madume wote wenye pembe. Wengine wa aina ileile, tumbo moja, wanatoka na vinundu tu. Hao hawapigani. Wanachimba kijia cha ubavuni, wanaingia handakini kwa chini, wanampanda jike na kuondoka, na mlinzi yuko juu anajigamba. Nilipomweleza mume wangu alisema "La haula," akaendelea na chai yake.

Nani apate pembe na nani akose huamuliwa zaidi na chakula alichowekewa utotoni. Tonge likiwa kubwa na zuri, dume anatoka na pembe. Likiwa dogo, vinundu. Mtoto umleavyo.

Na tonge lenyewe lina ufundi. Jike anashusha mavi kidogo kidogo, anayashindilia mwishoni mwa handaki mpaka yanakuwa kitu kizito kilichokaza. Kwenye mchanga wangu nimeyakuta kuanzia kina cha kiganja hadi pale mkono unapozama mpaka kiwikoni. Upande mmoja wa tonge anaacha chumba kidogo chenye kuta laini. Humo anapaka tone la kinyesi chake mwenyewe, na juu ya tone analisimamisha yai moja, jeupe, limekaa wima. Anafunga kwa nyuzi ambazo hazikushindiliwa, hewa ipate kupita. Halafu anaanza tonge lingine. Yai moja kwa tonge moja, hachanganyi.

Tone lile si uchafu uliosahaulika. Buu akianguliwa, ndilo chakula chake cha kwanza, na ndani yake anapokea bakteria wa mama yake, ambao watamsaidia kusaga nyuzi zile ngumu. Kabla sijasoma habari hii nilikuwa naliona kwa kioo na kulipita.

Mfaransa Jean-Henri Fabre alitafuta yai la dundu mfingirishaji miaka mingi. Alipasua matonge mengi ya mviringo, yale yanayoonekana njiani, na hakukuta kitu. Mwishowe kijana mchungaji akamletea tonge lililotoka ardhini, lenye umbo la pea, na yai lilikuwa shingoni, pale pembamba panapopitisha hewa. Kumbe tonge la njiani mara nyingi ni chakula cha wakubwa. La mtoto linamaliziwa chini, gizani. Ndiyo maana Wamisri wa kale, waliomheshimu dundu mpaka wakamchonga kwenye vito, waliamini kwamba madundu wote ni madume na wanajizalia wenyewe kwa kutia mbegu ndani ya tonge. Mama yupo chini ya ardhi anafanya kazi, juu wanaume wanapewa sifa.

Yai lenyewe ni kubwa kwa kulinganisha na mwili wa mama. Wadudu wengi majike wana ovari mbili, yaani vifuko vya kukuzia mayai, zenye mirija kadhaa. Dundu wa jamii hii ana ovari moja tu, ya kushoto, yenye mrija mmoja. Mayai yanakomaa moja moja, kwa zamu. Nzi wa nyumbani anaweza kutaga mamia ya mayai katika maisha yake mafupi na hatageuka kutazama nyuma. Kumbuka hesabu hii, tutairudia.

Baada ya siku chache yai linaanguliwa. Jembe langu liliwahi kukwangua tonge pembeni, nikalichukua, nikakaa nalo chini ya mwembe na kikombe cha chai. Buu ni mweupe, amejikunja mpaka kichwa kinakaribia mkia, na mgongoni ana kibyongo. Utumbo mweusi unaonekana kupitia ngozi. Nilichukua mwiba nikapanua ule mkwanguo ukawa kidirisha. Akaacha kula. Akakipima kidirisha kwa kichwa, akajigeuza ndani ya chumba chake chembamba, akaleta mkia, akapachika kinyesi chake palepale penye mwanga na kukisawazisha kwa ncha bapa ya mkia. Chai haijapoa, ukuta umezibwa. Nikatoboa tena, akaziba tena. Mara ya tatu niliona haya, nikamrudisha ardhini.

Maisha yake ndiyo hayo. Anaila nyumba kutoka ndani, anakunya, anakula tena alichokunya, na kila mzunguko nyuzi zinazidi kulainika. Hatoki nje, akitoka jua linammaliza. Anajivua ngozi mara mbili, kwa hiyo kuna hatua tatu za ubuu, na ya tatu ndiyo ya ulafi. Tonge likishabaki ganda, anapaka kuta kwa kinyesi chake mpaka zinakuwa ngumu, anajivua tena, anakuwa pupa. Pupa hali wala hatembei. Ukibahatika kumwona utakuta miguu na mabawa yamekunjwa kifuani, rangi ya nta, na dume tayari unamjua kwa pembe. Anayetoka kwenye ngozi ya pupa ni dundu kamili, ila ni laini na mwekundu-mwekundu, na anakaa humo mpaka akauke na kuwa mgumu. Ardhi ikiwa kavu anakaa zaidi, kwa sababu tonge limegeuka jiwe na hana nguvu za kulivunja. Mvua ndiyo inayomfungulia mlango. Masika yanapopiga mara ya kwanza, usiku taa za barazani zinagongwa na madundu, na paka wa Lamu wana karamu.

Muda wa safari yote hiyo unategemea aina. Digitonthophagus gazella, ambaye asili yake ni Afrika, kutoka yai hadi dundu mzima anachukua takriban mwezi mmoja kukiwa na joto na unyevu. Akitoka hazai papo hapo. Lazima kwanza ale siku kadhaa ndipo ovari ikomae. Upande mwingine kabisa yuko Kheper nigroaeneus wa kusini mwa Afrika. Huyo anatengeneza tonge moja, anataga yai moja, kisha anabaki nalo chini ya ardhi wiki zipatazo 12, akilitunza lisiote ukungu, mpaka mtoto anapokuwa mzima. Sisi tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, halafu watoto tunawapelekea bibi zao.

Faida ya shughuli hii mkulima haelezwi sana. Samadi inashuka kwenye mizizi badala ya kukaukia juu, mchanga unapata matundu ya maji kupita, na nzi wanakosa pa kutagia. Ukitaka kujua kasi yao, huko Tsavo, bara ya Malindi, watafiti wa miaka ya 1970 waliripoti madundu 16,000 kwenye lundo moja la mavi ya tembo la kilo 1.5, na kwa saa mbili lilikuwa limekwisha. Australia wao waliijua thamani ya dundu kwa kumkosa. Ng'ombe walifika kule na Waingereza mwaka 1788, lakini madundu wa nchi ile wamezoea mavi makavu ya kangaruu. Ya ng'ombe yakawa yanakaukia malishoni, na nzi wanazaliana humo. George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa na shirika la utafiti la CSIRO, akaanzisha mpango wa kuleta madundu wa kigeni, na wa kwanza waliachiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengi walitoka Afrika. Kwa kuogopa magonjwa ya mifugo walikuwa wakichukua mayai tu, wanayaosha kwa dawa, wanayasafirisha, na kule yanapachikwa moja moja kwenye matonge yaliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Nawafikiria wale wafanyakazi, watu wazima wenye makoti meupe, wanafinyanga mavi siku nzima ili wafanye kazi ya mama dundu mmoja.

Sasa ombi.

Punda wa mawe akishikwa na minyoo anakonda mpaka mbavu zinahesabika, na kumnyima dawa ni dhambi. Dawa inayojulikana zaidi ni ivamektini, na siitii ila. Chimbuko lake ni bakteria wa udongoni aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura. Yeye na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobeli 2015 kwa ajili yake, na watu wengi wa Afrika wameokoka upofu wa mtoni kwa dawa hiyohiyo. Lakini sehemu kubwa yake hutoka na mavi ikiwa bado ina nguvu, hasa siku za mwanzo. Dundu hajui. Anakuja, anachimba, anashindilia, anaweka tone lake, anataga. Yeye mwenyewe kwa kawaida anapona. Buu ndiye anayekula nyumba yenye sumu, na hana nyumba nyingine.

Masika ya mwaka jana punda wote wa upande wetu walipewa dawa kwa pamoja, siku zilezile madundu walipokuwa wametoka kwenye matonge yao. Mavi ya wiki ile yaliingia ardhini vizuri tu, hakuna aliyeona tofauti. Baadaye nikawa nachimba mashimo ya bamia, nikayakuta matonge. Mazito, mazima, hayajaguswa. Nikapasua moja: pale penye chumba cha juu kulikuwa na kibuu kilichonyauka, cheusi, kimekula kiasi cha kujigeuza tu. Nikapasua lingine, vilevile. Machache yalikuwa na mabuu hai, wanene, nikayafukia haraka. Ilipofika vuli, lundo chini ya mwembe lilikaa mpaka likakauka, nikawa nalivunjavunja kwa kiatu. Nzi walikuwepo kama desturi. Anayetaga mamia hafilisiki kwa wiki moja mbaya. Mwenye ovari moja anafilisika. Na linalokera zaidi ni kwamba mavi yanayobaki juu ndimo mayai ya minyoo yanamoanguliwa na vitoto vyake kupanda majanini, kwa hiyo punda anarudi palepale.

Kijana anayetuendeshea punda aliniuliza, "Sasa Mama, tuwaache punda na minyoo kwa ajili ya madude?" Hasha, babangu. Ninachoomba ni mpango. Mavi ya punda yapimwe kwanza, daktari wa mifugo anaweza kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, na dawa apewe mwenye minyoo, si kila mwenye masikio marefu. Wasipewe wote siku moja. Mvua za kwanza zikianza, aliye na afya asubiri kidogo. Aliyepewa afungwe zizini wiki moja au mbili, na samadi yake iende shimo la mboji, ifunikwe kwa makuti, isitupwe shambani ikiwa mbichi. Ziko pia dawa za jamii nyingine, mfano fenbendazo, ambazo madhara yake kwa dundu ni madogo sana. Muulize daktari kama minyoo ya punda wako inazisikia, maana nyingine imeshazizoea.

Zizini kwetu ndivyo tunavyofanya sasa. Ami yangu, ambaye ana punda wengi kutuzidi, alikuja kutazama lile shimo, akacheka, akasema "Kula kiumbe na riziki yake," na wiki iliyofuata akaazima sepetu langu. Hajalirudisha.

Mwenye shamba Kipungani au Manda akiwaona wale wa kufingirisha, naomba aniandikie ni saa ngapi za siku na mavi ya mnyama gani. Picha ya simu inatosha, ila weka sarafu ya shilingi kumi kando ya dundu nipate kujua ukubwa wake.